Mlima Uliobaki: Kulisoma Umbo la Kilimambogo

Kuna dai ambalo limerudiwa katika maelezo ya watalii na ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki hadi hakuna anayeliuliza swali: kwamba uwanda wa juu wa Yatta, ule ukuta mrefu wa mawe unaoandamana na Mto Athi hadi nchi ya tembo, ni lava iliyomwagwa na Ol Donyo Sabuk, mlima uleule uitwao Kilimambogo. Mtu wa Thika au Ruiru hulipokea dai hili kwa urahisi. Mlima anao mbele ya macho yake kila jua linapochomoza. Yatta nayo huanzia karibu na mguu wa mlima huohuo. Penye mlima na lava, mlima ndio mama, kisa kimefungwa.

Dai hili nalipinga, na ninalipinga kwa kazi ninayoifahamu, yaani kusoma umbo. Ushahidi wa maabara upo na nitaufikia. Hata hivyo umbo la mlima lenyewe linatosha kulikanusha, mradi lisomwe kwa utaratibu uleule tunaowadai wanafunzi wetu wanapopewa shairi: tazama kwanza lilivyojengwa, ndipo useme linahusu nini.

Tuanze na mstari wa nje. Aliyesimama Makongeni, Thika, akatazama mashariki, akielekeza jicho kusini kidogo, huuona Kilimambogo ukiwa peke yake, yapata kilomita 20 kutoka mjini. Ni mgongo mpana wenye kijani kilichokolea, usio na ncha. Kilele kipo mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, na tambarare iliyo chini yake ipo kwenye mita 1,500 hivi, kwa hiyo mlima wenyewe, ule unaoonekana, ni mita mia sita na kidogo. Si mrefu. Ukubwa wake unatokana na upweke: hakuna kinachoshindana nao kwenye upeo wa macho. Mstari wake unapanda haraka kutoka nchi tambarare, kisha unalegea kadiri unavyokaribia juu, hadi mtu hawezi kunyosha kidole na kusema kwa yakini kilele ni pale. Ukikaza macho utaona minara ya mawasiliano, na hiyo ndiyo inayokuonyesha juu ni wapi.

Sasa uweke umbo hilo kando ya milima mingine tunayoijua. Longonot, wenye mita 2,776, una mdomo: shimo la mviringo lililo wazi juu, na miteremko inayoshuka kutoka kwenye mdomo huo pande zote. Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wenye mita 5,199, umepoteza mdomo wake zamani sana. Vilele vya Batian na Nelion ni mwamba ulioganda ndani ya koo la volkano na kubaki baada ya kuta zake kuliwa na barafu na mvua. Lakini angalia ramani ya mito ya Kirinyaga: inatoka katikati na kutawanyika kila upande. Kitovu hakionekani tena, ila bado kinatawala. Hiyo ndiyo alama kuu ya fani ya volkano, nayo inadumu hata mlima unapozeeka na kubomoka. Volkano hujengwa kutoka mahali pamoja. Kila kilichomo kimetoka humo, na mteremko wake huwa mpole chini na mkali juu, kwa kuwa vilivyomwagika hurundikana karibu na tundu.

Kilimambogo hauna kitovu. Hauna mdomo, wala dalili kwamba uliwahi kuwa nao. Mteremko wake umekwenda kinyume: mkali pembeni, mpole juu. Kuhusu huo ukali wa pembeni kuna kaburi linaloshuhudia. William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki shamba la Juja na kufariki mwaka 1925, alizikwa kwenye mlima huu, pamoja na watu wake wa nyumbani, lakini chini ya kilele. Husimuliwa kwamba chombo kilichobeba jeneza kilishindwa kupanda zaidi. Leo mahali hapo ni kituo cha kupumzikia wapandaji, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1967.

Kwa hiyo tatizo la dai lile ni tatizo la utanzu. Jicho letu limefunzwa na utanzu mmoja wa milima, ule wa moto, kwa sababu ndio wenye fahari katika nchi hii, ndio uliomo kwenye noti, kwenye kadi za posta na katika jina la taifa. Tukiona mwinuko wowote tunaupeleka huko. Ni kosa lilelile la msomaji anayeukuta wimbo wa jando akautafutia vina vya ukawafi, na asipovipata akasema umeharibika.

Kilimambogo ni wa utanzu mwingine: mlima masalia. Mwamba wake ni wa zamani, mgumu, wa fuwele, sehemu ya ule msingi wa bara ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huu unapita mashariki mwa Afrika kutoka Msumbiji, ukivuka Tanzania na Kenya hadi Ethiopia na mbele yake. Ulipikwa ndani kabisa ya ardhi wakati vipande vya bara kuu la kale, Gondwana, vilipogongana, kati ya miaka milioni 650 na milioni 550 iliyopita. Juu ya mgongano ule kulikuwa na safu za milima ambazo hakuna jicho lililoziona, zilizokwisha kusagwa na kuoshwa hadi mizizi yake ikaja juani. Mawe tunayoyakanyaga Machakos, Kitui na Taita ni mizizi hiyo. Ukilivunja jiwe la aina hii, lile linaloitwa naisi, utaona mistari ya madini meupe na meusi iliyolala sambamba, mfano wa ubao uliopasuliwa ukaonyesha nyuzi zake. Mistari hiyo haikuwekwa na maji wala upepo. Ni mkunjo wa mwamba uliobanwa ukiwa moto.

Wala mlima huu hauko peke yake, ingawa kutoka Thika ndivyo unavyoonekana. Ukitazamwa kutoka juu ya Ruiru siku ambayo hewa imesafishwa na mvua, upande wa mashariki na kusini-mashariki hujitokeza jamaa yake: kilima cha Koma chenye kituo cha hija, Lukenya wanakokwenda wapanda majabali, kisha Mua na Iveti kuelekea mji wa Machakos. Ni kundi dogo la milima lenye asili moja. Hakuna hata mmoja kati yao uliorundikwa. Wote ni vipande vya ardhi iliyokuwa juu zaidi, vilivyobaki baada ya vingine vyote kuondolewa, kwa sababu mwamba wao ulikuwa na nyufa chache au madini yenye ukaidi zaidi. Umbo lao limetokana na kupunguza.

Kupunguza nako kuna namna zake, na hapa inafaa nizungumzie chokaa, kwa sababu milima ya mawe ya chokaa ndiyo mfano unaoonyesha tofauti hiyo vizuri zaidi. Maji ya mvua yenye ukali kidogo huiyeyusha chokaa. Mlima wa chokaa hupotea kimyakimya, kwa ndani. Nenda Amboni, karibu na Tanga, uingie mapangoni. Nenda Kambe, katika Kaunti ya Kilifi, uyaone majabali yenye makali yanayoinuka ndani ya msitu wa kaya. Yote mawili ni mawe ya chokaa ya enzi za Jurasiki, yaliyotandazwa baharini wakati pwani hii ilipokuwa ikijitenga na Madagaska. Umbo lao ni la matundu, ncha na mito inayozama ghafla ardhini. Kilimambogo hauna sifa hizo. Mwamba wake hauyeyuki hivyo. Huoza polepole kwenye nyufa, ukavimba, ukamomonyoka chembe kwa chembe, na kilichokuwa na kona hugeuka mviringo. Mgongo ule mpana unaouona kutoka Makongeni ni umbo la mwamba uliooza kutoka nje kwenda ndani. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chokaa ya kale imo katika ukoo huohuo wa mawe ya msingi: marumaru ya Kajiado, na ile iliyoko kusini mwa Kitui, ni matandazo ya bahari ya kale yaliyopikwa pamoja na naisi katika mgongano uleule. Na chokaa changa ipo pia, chini ya udongo mweusi wa tambarare za Athi, kwa umbo la madonge meupe ambayo watengenezaji wa saruji wanayajua vyema. Thika haina mlima wa chokaa, lakini imezungukwa na habari za chokaa.

Sasa tuigeukie tambarare, maana nusu ya umbo la mlima ni kile kinachouzunguka. Na tambarare ya Ruiru, Juja na Thika ina tabia iliyo kinyume kabisa na ya mlima. Yenyewe imejengwa kwa kuongeza. Kuanzia kama miaka milioni 13 iliyopita, lava zilitoka upande wa magharibi, kule ambako Bonde la Ufa lingekuja kufunguka, zikashuka mashariki na kufunika nchi ya kale iliyokuwa imekwisha kusawazishwa. Juu ya lava yakaja majivu ya volkano, tabaka juu ya tabaka, mengine yakiwa moto kiasi cha kushikamana na kuwa jiwe yalipotua. Katikati ya majivu kulikuwa na vipindi vya utulivu ambapo maji yalituama na tope likatandazwa. Kisha lava tena.

Hakuna haja ya kuchimba kisima ili kuisoma matini hii. Kando ya Mto Ndarugu na viunga vya Juja zipo timbo zinazotoa jiwe ambalo wajenzi wa eneo zima la Nairobi wanaliita kwa jina la mto huo. Jiwe la Ndarugo ni majivu yaliyoganda, yaani tufu. Lina rangi ya kijivu, wakati mwingine yenye ubuluu kidogo, na ukilitazama kwa karibu utaona limejaa vipande vidogo vya vitu vingine: povu la volkano, chembe za lava iliyopasuka, matundu ya hewa. Ni gumu kiasi cha kubeba ghorofa na laini kiasi cha kukubali patasi. Fundi akilipiga nyundo mahali sahihi linapasuka kwa uso ulionyooka bila kufuata mistari yoyote, kwa sababu halina mistari. Majivu yalitua bila mpangilio wa nyuzi. Jaribu kuchonga naisi hivyo uone. Mkunjo wake wa ndani utaiongoza nyundo unakotaka wenyewe. Sababu mojawapo ya Ruiru na Thika kujengwa haraka namna hii, kuta za mawe zikiota kila upande wa Barabara Kuu ya Thika tangu ilipokamilika mwaka 2012, ni kwamba jiwe lao halina nyuzi.

Nimewahi kusimama mbele ya ukuta wa timbo nikauona kuwa ndio ukurasa bora zaidi wa jiolojia katika eneo hili. Chini kabisa lipo jiwe zito lililofungamana, lile linalotakiwa. Juu yake tabaka jepesi lenye ukoko, ambalo wachimbaji hulisukuma kando. Kisha kifusi chenye wekundu, kisha udongo. Mipaka kati ya tabaka na tabaka imelala karibu sawa na upeo wa macho. Hiyo ndiyo sarufi ya kuongeza: cha kale chini, cha sasa juu, na kila mpaka ni tarehe.

Udongo nao unastahili maneno machache, kwa kuwa mkulima na mjenzi wanausoma kila siku. Kwenye migongo inayoshuka kutoka Nyandarua, kule Gatundu na Mang'u, maji hupita na kwenda zake. Mwamba wa volkano huoza na kutoa ule udongo mwekundu wenye kina, mama wa kahawa na chai. Ukishuka hadi nchi tambarare ya mashariki mwa Juja na kando ya barabara ya Kilimambogo, maji hayana pa kwenda, na mawe ya jamaa moja na yale ya juu hutoa udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Anayejenga nyumba hapo huuchimba wote autoe hadi akute mwamba au kifusi kigumu, la sivyo kuta zitapasuka pamoja nao. Tofauti kubwa hapa imeletwa na mteremko. Umbo la ardhi limeamua rangi ya udongo, na rangi ya udongo imeamua nani atalima kahawa na nani atagharimika zaidi kwenye msingi.

Turudi Yatta, maana sasa tunazo zana za kutosha. Yatta ni mtiririko wa lava aina ya fonoliti wenye urefu wa takribani kilomita 300, na unatajwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Leo ni ukuta: umeinuka juu ya nchi, na kando yake upande wa chini unapita Mto Athi. Lakini lava haipandi. Lava hutafuta bonde, ikaingia humo na kufuata kila kona ya mto uliolichonga. Kwa hiyo mstari mwembamba na mrefu wa Yatta, pamoja na mipindo yake, ni chapa ya mto wa kale. Baadaye miamba laini ya pande mbili ikaoshwa, lava ngumu ikabaki, na kilichokuwa sakafu ya bonde kikawa paa la nchi. Jiografia inajua neno la hali hii, lakini mhakiki anaweza kuieleza kwa lugha yake: ni umbo lililogeuzwa juu chini bila neno lolote kuhamishwa.

Henry Wichura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Potsdam, Ujerumani, walichapisha mwaka 2010 uchunguzi uliolisoma umbo hilo kwa hesabu. Lava ile ina umri wa miaka milioni 13.5. Ili iweze kusafiri umbali ule kabla ya kuganda, ilihitaji mteremko wa kutosha. Na mteremko ule, ukirudishwa nyuma hadi ilikoanzia kwenye bega la mashariki la Bonde la Ufa, unadai nchi iliyokuwa juu kwa angalau mita 1,400 wakati huo. Ni usomaji wa umbo kwa maana halisi: kutoka kwenye urefu na mwelekeo wa mstari mmoja wa mawe, wakapata kimo cha bara ambalo halipo tena. Mwaka 2015 Wichura na wenzake wakaongeza ushahidi wa upande wa pili. Kule Loperot, Turkana, mwaka 1964 kulikuwa kumepatikana mabaki ya nyangumi mwenye umri wa miaka milioni 17, kilomita 740 kutoka pwani ya leo. Nyangumi hapandi milima, kwa hiyo wakati wake nchi ile ilikuwa karibu na usawa wa bahari. Kati ya nyangumi na lava ya Yatta, bara liliinuka.

Angalia basi dai tulilolianza limefanya nini. Limechukua mahali ambapo tunaanza kuuona ukuta wa Yatta vizuri, likapafanya mahali ulikozaliwa. Sehemu za juu za mtiririko zimefunikwa na lava na majivu ya baadaye, yaleyale tunayoyachonga Juja. Mwanzo umefichwa, na msomaji asiyetaka pengo akaujaza kwa mlima uliokuwa karibu. Makosa ya namna hii ni mengi katika uhakiki wa fasihi simulizi pia: mahali hadithi ilipoandikwa kwa mara ya kwanza hudhaniwa kuwa ndiko ilikozaliwa. Na kwa Kilimambogo kosa ni zito zaidi, kwa kuwa lava ilipopita mlima ulikuwa pale, umekwisha kuwa mzee. Mwamba wake unaizidi lava ya Yatta umri kwa zaidi ya mara arobaini. Lava ilipita kando ya mlima. Haikutoka ndani yake.

Ninapenda kuonyesha jambo hili kwenye ramani ya jiolojia, kwa sababu ramani nayo ni matini yenye fani yake. Eneo letu limo katika ripoti ya W. A. Fairburn kuhusu Machakos Kaskazini na Thika, iliyotolewa na idara ya upimaji wa jiolojia ya Kenya mwaka 1963. Ramani za namna hii zina ufunguo wa rangi pembeni, na desturi ni kuupanga kwa umri: mawe machanga juu, mawe ya kale chini. Sasa fikiria msomaji anayeshusha jicho kwenye ufunguo akiutafuta mlima. Anapita udongo wa juzi. Anapita majivu. Anapita lava. Anafika kwenye visanduku vya mwisho kabisa, chini ya vyote, na hapo ndipo rangi ya Kilimambogo ilipo. Kilicho juu kuliko vyote katika nchi kipo chini kuliko vyote katika ufunguo. Sidhani kuna njia fupi zaidi ya kumweleza mwanafunzi wa kidato cha kwanza mlima masalia ni nini. Mtu akiona ukinzani ule mara moja hatausahau, na hatahitaji kukariri.

Mito nayo inaushuhudia mlima. Athi inatoka kusini, ikapita tambarare ikielekea kaskazini-mashariki, na inapofika Kilimambogo inauzunguka upande wa kaskazini, kisha inageuka kusini-mashariki na kuanza safari ndefu pamoja na Yatta. Kabla ya mgeuko huo inaporomoka kwenye Maporomoko Kumi na Manne, mita 27 hivi, ikiwa imejigawa katika mikondo mingi juu ya ukingo mpana wa mwamba. Mto wenye nguvu ya kushuka mwamba namna ile haukuweza kuupasua mlima, umeukwepa. Kule mjini Thika kwenyewe, mito ya Chania na Thika inakutana baada ya kila mmoja kuporomoka peke yake, pale ilipo hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908. Maji hayo yanakwenda Tana. Maji ya Ndarugu na Ruiru, yanayoanzia kwenye mteremko uleule wa Nyandarua, yanakwenda Athi. Ardhi inayoyatenganisha karibu na Juja ni mwinuko usioonekana, ambao dereva wa matatu anauvuka bila kubadilisha gia. Hata hivyo maji yanayotengana hapo yanaingia baharini mahali mbalimbali kabisa, mengine kwa jina la Sabaki karibu na Malindi, mengine Kipini. Nchi iliyojengwa kwa tabaka zilizolala huamua mambo makubwa kwa tofauti ya kimo cha mita chache.

Wenyeji wa kale waliusoma mlima huu vipi? Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, aliutaja miongoni mwa milima minne ambayo Mungu huitembelea: Kirinyaga ukiwa wa kwanza kwa hadhi, Nyandarua magharibi, Kiambiruiru kusini, ambao wengi huutambua kuwa vilima vya Ngong, na Kia Njahi mashariki, ambao ndio Kilimambogo. Itazame orodha hiyo kwa jicho la jiolojia. Kirinyaga ni volkano. Nyandarua ni safu ya volkano. Ngong ni mabaki ya volkano. Katika minne hiyo ni mmoja tu usiotokana na moto, nao umewekwa mashariki, pale ambapo nchi ya lava na udongo mwekundu inakoma na nchi ya naisi inaanza. Sitasema wazee walijua habari za naisi. Lakini waliijua ardhi kwa mguu na kwa jembe, walijua mahali ndizi inapokoma kustawi na mtama unapoanza kuwa tegemeo, na walipoweka alama ya mpaka wa mashariki waliiweka juu ya mwamba ulio mpaka kweli. Nauheshimu sana usomaji huo. Hapo ndipo unapoutofautisha na ule wa vijitabu vya watalii: mmoja umetoka kwenye nchi, mwingine umetoka kwenye picha.

Umbo linaendelea kutengenezwa, na mtengenezaji mkuu wa sasa kati ya Ruiru na Thika ni timbo. Hakuna mto wala mvua inayoondoa mwamba kwa kasi hiyo. Timbo huacha umbo jipya kabisa katika nchi hii: shimo lenye kuta zilizosimama wima na pembe za mraba, ambalo wakati wa masika hujaa maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka mahali pa uchimbaji pachunguzwe athari zake kabla ya kazi kuanza, na kuyaacha mashimo wazi karibu na makazi ni hatari ya wazi kwa watoto, hasa Juja ambako nyumba zimeyafikia. Kuyafukia kunafaa na kunapaswa. Lakini mara nyingi yanafukiwa kwa takataka na vifusi, na pamoja na shimo hufukiwa ukuta uliokuwa ukionyesha tabaka zote, bila mtu kuzipima wala kuzipiga picha. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kipo hapohapo Juja, na timbo zipo kwenye viunga vyake. Ukuta mmoja tu, uliozungushiwa ua na kupewa mteremko ulio salama, ungetosha kwa wanafunzi wa chuo na wa shule za jirani: wasome majivu na lava kwa mikono yao, kisha wainue macho kutazama mashariki.